Kodi ya pedi ilifutwa, bei ikabaki palepale

Juni 2018 Dk. Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha na Mipango wa Tanzania, alisoma bajeti bungeni Dodoma, na ndani yake mlikuwa na jambo lililosubiriwa na wengi: taulo za kike zinasamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile VAT ya asilimia 18. Juni 2019 waziri yuleyule, mbele ya Bunge lilelile, akairudisha. Maelezo yake yalikuwa kwamba msamaha haukumfikia mlaji. Bei haikushuka, na waliofaidi ni wafanyabiashara.

Tangu hapo, kila ikifika tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Duniani, tunarudia mazungumzo yaleyale. Wanaharakati wanadai kodi iondolewe tena. Upande wa pili unajibu kwamba iliondolewa na hakuna aliyeona tofauti dukani. Mmoja anamwona mfanyabiashara mlafi, mwingine anaona serikali isiyojali, na wote wawili wana ushahidi wa kutosha kuendelea kubishana hadi Mei ijayo. Kinachorukwa ni swali la ufundi: huo msamaha wa 2018 ulikuwa wa aina gani? Kwa sababu ulikuwa wa aina ambayo hata mwenye kiwanda mcha Mungu, asiyetaka senti moja ya ziada, asingeweza kushusha bei kwa kiasi ambacho umma uliahidiwa.

Hesabu ya kiwandani

VAT humwangukia mlaji wa mwisho, lakini hukusanywa njiani. Kila aliyesajiliwa hutoza anapouza, hukata ile aliyotozwa yeye mwenyewe aliponunua, kisha tofauti huipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato. Sasa sheria ina namna mbili za kuiondolea bidhaa mzigo huu, na kwa masikio ya kawaida zinafanana. Ya kwanza ni kusamehe: muuzaji hatozi VAT anapouza, ila na yeye haruhusiwi kudai ile aliyolipa kwenye malighafi. Ya pili ni kutoza kwa kiwango sifuri: muuzaji hatozi kitu, na ile aliyolipa kwenye malighafi anarejeshewa.

Tuweke namba, za mfano tu. Kiwanda cha Dar es Salaam kinanunua malighafi za kufyonza, plastiki ya chini, gundi, vifungashio na umeme kwa shilingi 1,000 kwa kila pakiti, na juu yake kinalipa VAT ya 180. Mishahara, mashine na faida vinaongeza 600. Bei kabla ya kodi ni 1,600. VAT ya mauzo ni 288. Pakiti inatoka kiwandani kwa 1,888. Kati ya hizo 288 kiwanda kinakata 180 zake na kuipelekea TRA 108.

Taulo zikisamehewa, ile 288 inafutika. Lakini ile 180 nayo haina tena pa kukatwa, inageuka kuwa gharama kama mshahara wa fundi. Kiwanda kikitaka kubaki na faida ileile, bei mpya ni 1,780. Imeshuka shilingi 108, chini ya asilimia 6. Zikitozwa kwa kiwango sifuri, bei ni 1,600 kamili: imeshuka 288, karibu asilimia 15. (Hata hapa haifiki 18, kwa kuwa asilimia 18 huhesabiwa juu ya bei kabla ya kodi, wakati mnunuzi hulinganisha na bei aliyozoea kulipa. Waliotegemea pakiti ipungue kwa asilimia 18 walikuwa wamekosea tangu mwanzo, na sikumbuki kuona mtu akiwasahihisha.)

Sasa mwangalie mwenzake anayeleta taulo zilizokwisha kutengenezwa nje ya nchi. Msamaha unamkuta bandarini: VAT haitozwi kwenye shehena yake, na haitozwi anapouza. Karibu kodi yote inaondoka. Kwa hiyo msamaha uleule unampa mwagizaji nafuu ya asilimia 15 na unampa mwenye kiwanda cha nyumbani nafuu ya 6. Serikali iliyokuwa ikihubiri Tanzania ya viwanda ikawa imemwekea kikwazo mwenye kiwanda wake yenyewe, bila kukusudia.

Hili si jambo la Tanzania pekee. India ilifuta kodi yake ya asilimia 12 kwenye taulo Julai 2018, kwa njia ya msamaha, na wazalishaji wa ndani wakalalamika hapohapo kwamba sasa kodi ya malighafi inawabaki mikononi na bidhaa za nje zinakuja kuwapiga bei. Rwanda ilisamehe Desemba 2019. Afrika Kusini ilichagua njia ya pili: kuanzia Aprili 2019 taulo zikaingia kwenye orodha ya kiwango sifuri, pamoja na unga mweupe wa ngano.

Kwa nini basi Tanzania haikutumia kiwango sifuri? Sheria yetu ya VAT ya mwaka 2014 ilikibana kwa makusudi, kikabaki hasa kwa ajili ya bidhaa zinazouzwa nje. Hofu si ya bure. Kiwango sifuri kinamaanisha TRA kurejesha fedha taslimu, na kila mwenye kiwanda ana hadithi yake ya marejesho ya VAT yaliyochelewa hadi yakageuka mkopo wa bila riba kwa serikali. Pia kinafungua mlango wa risiti za kughushi. Lakini kizuizi hicho cha sheria si cha chuma. Mwaka 2023 mbolea inayozalishwa nchini na nguo zinazotokana na pamba ya nchini ziliwekewa kiwango sifuri, kwa muda wa mwaka mmoja. Kilichowezekana kwa mbolea na khanga kinawezekana kwa taulo. Ni suala la nani anayesikilizwa wakati Muswada wa Fedha unaandikwa.

Kutoka kiwandani hadi kwa Mangi

Hata bei ya kiwandani ikishuka, bado kuna safari. Pakiti inapita kwa wakala, kwa muuzaji wa jumla, kisha kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Mangi hajasajiliwa kwa VAT. Wakati ule sheria ilimtaka mtu afikishe mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka ndipo asajiliwe. Yeye hajui pakiti imebeba kodi kiasi gani, anajua tu aliyonunulia. Na dukani kwake bei zinatembea kwa hatua za mia mbili, mia tano. Pakiti ya 2,000 ikipungua shilingi 108 huko juu, yeye haandiki 1,892. Anaacha 2,000, na 108 zinabaki kwake au kwa yeyote aliye juu yake.

Uingereza, nchi yenye maduka makubwa, kompyuta kaunta na magazeti yanayofuatilia bei, ilifuta VAT ya asilimia 5 kwenye taulo na tamponi tarehe 1 Januari 2021. Mwaka uliofuata taasisi ya Tax Policy Associates ilichambua takwimu rasmi za bei na kukuta kwamba angalau asilimia 80 ya nafuu ilibaki kwa wauzaji. Kama huko ilikuwa hivyo, Kariakoo ingetarajiwa nini?

Kuna bidhaa ambazo serikali haiachi bei zake zijipange zenyewe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya petroli na dizeli kila mwezi, mkoa kwa mkoa, na kituo kikizidisha kinaadhibiwa. Taulo za kike hazina EWURA yake, na sisemi ziundiwe. Nasema mtu hawezi kuondoa kodi tarehe 1 Julai, akaacha soko lijiendee, halafu Juni ijayo akashangaa. Namna nyepesi ipo: bei za reja reja zirekodiwe mikoa kadhaa kabla ya msamaha kuanza, zirekodiwe tena kila robo mwaka, na zitangazwe. Ofisi ya Taifa ya Takwimu tayari hukusanya bei madukani kila mwezi kwa ajili ya mfumuko wa bei.

Mwaka 2019, kwenye bajeti ileile iliyorudisha VAT, serikali iliweka kitu mbadala: kodi ya mapato ya makampuni ishushwe kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili, kwa wawekezaji wapya watakaotengeneza taulo. Kwenye karatasi inapendeza. Ila kodi ya mapato hutozwa kwenye faida, na kiwanda kipya kwa kawaida hakina faida ya kutozwa katika miaka miwili ya kwanza. Kina mashine za kulipia na mkopo wa benki. Asilimia 25 ya sifuri na asilimia 30 ya sifuri ni namba ileile. Sijui kama aliyeiandika aliliona hilo.

Kenya: miaka ishirini bila VAT

Anayeamini kwamba kodi ndiyo kiini cha tatizo aitazame Kenya. Nchi hiyo ilifuta VAT kwenye taulo, au sodo kama wanavyoziita huko, mwaka 2004, miongoni mwa za kwanza duniani. Mwaka 2011 ikaondoa na ushuru wa forodha. Na bado ripoti ya shirika la FSG ya mwaka 2016, miaka 12 baada ya VAT kuondoka, ilitaja asilimia 65 ya wanawake na wasichana wa Kenya kuwa hawamudu taulo. Kodi ilipungua, ushindani ukaongezeka, bidhaa za bei ya chini zikaingia sokoni. Yote hayo ni kweli na ni mazuri. Lakini nafuu ya bei ni ya mtu aliye na hela ya kununua. Binti ambaye nyumbani kwao hakuna shilingi 50 ya Kenya ya ziada, punguzo la shilingi saba halimgusi.

Wakenya walilijua hilo mapema. Bajeti ya 2011/12 ilitenga shilingi milioni 300 za Kenya kununulia taulo wasichana wa shule zenye uhitaji. Kisha Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi, na hapo msaada ukageuka haki: kila msichana aliyebalehe na kusajiliwa katika shule ya umma apewe taulo bure, za kutosha na zenye ubora, na serikali iweke namna salama ya kuzitupa. Kwa maandishi, sijaona sheria nyingi barani zinazoikaribia.

Sasa rudi kwenye kalamu. Wasichana milioni 1, pakiti moja kwa mwezi, miezi 9 ya masomo, kwa shilingi 50 tu kwa pakiti, ambayo ni bei ya kununua kwa wingi mno: jumla ni milioni 450. Bila usafiri, bila ghala, bila karatasi ya zabuni. Wasichana waliobalehe katika shule za umma Kenya ni milioni kadhaa. Fungu kama lile la milioni 300 la 2011/12 lisingewatosha hata laki saba kwa mwaka. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza neno “za kutosha” lilikuwa limeandikwa na mkono mmoja, na bajeti ikaandikwa na mwingine. Shule ilipokea maboksi muhula huu, muhula ujao haikupokea. Mwalimu akagawa pakiti moja kwa wawili, au akafungia kabatini kwa ajili ya dharura.

Mpango wenyewe nao ukahamahama. Ulikuwa Wizara ya Elimu, ukahamishiwa idara ya jinsia, na mwaka 2023 ukapelekwa kwenye mfuko unaosimamiwa na wawakilishi wanawake wa kaunti. Uhamisho huo wa mwisho ulitetewa kwamba wawakilishi wako karibu na wananchi. Wako karibu, ndiyo. Wako karibu na uchaguzi pia, na taulo likigawiwa na mwanasiasa linaanza kufanana na fulana ya kampeni. Anayenunua na kugawa taulo hizi angepaswa kuwa mtu asiyehitaji kupigiwa kura na baba wa msichana.

Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti akiwa na suruali nyeupe yenye doa jekundu. Wenzake walilalamika, na Spika Amason Kingi akamtaka atoke akabadilishe nguo. Nchi iliyokuwa na sheria ya taulo bure kwa karibu miaka sita haikuwa imeamua bado kama doa ni jambo la kutolewa mtu nje. Na katikati ya 2024, Muswada wa Fedha ukaja na tozo ya mazingira kwa bidhaa kadhaa, taulo na nepi zikitajwa miongoni mwake. Kelele zilipozidi, kamati ya fedha ikasema tozo itagusa zinazotoka nje tu. Vijana hawakungoja ufafanuzi zaidi, wakaingia barabarani kuandamana, kwa sababu hiyo na nyingine nyingi. Muswada wote uliondolewa Juni hiyohiyo. Kinachonivutia mimi ni jinsi taulo linavyoweza kusamehewa mlango mmoja na kutozwa mlango mwingine ndani ya serikali moja, kila ofisi ikiwa na sababu yake ya maana.

Uganda walipita njia fupi zaidi. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa 2016 Rais Museveni aliahidi taulo bure kwa wanafunzi. Mapema 2017 Waziri wa Elimu, ambaye ni mkewe Janet Museveni, akaliambia Bunge kwamba fedha hazipo. Dk. Stella Nyanzi wa Chuo Kikuu cha Makerere alianzisha harambee ya kuwanunulia wasichana taulo, akamtukana Rais mtandaoni, akakamatwa Aprili 2017.

Je, pedi inamrudisha msichana darasani?

Hoja inayotumika zaidi kuomba fedha ni utoro. Msichana mmoja kati ya kumi, tunaambiwa kila mwaka, hukosa shule kwa sababu ya hedhi. Hoja ni tamu kwa sababu inamgeuza msichana kuwa takwimu ya elimu, na Wizara ya Fedha inaielewa takwimu. Shida ni kwamba tafiti zilizopima kwa makini hazikubaliani nayo moja kwa moja.

Wachumi Emily Oster na Rebecca Thornton waligawa vikombe vya hedhi kwa baadhi ya wasichana nchini Nepal, wakalinganisha na wasiopewa, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo: hedhi ilikuwa ikiwakosesha shule chini ya nusu siku katika siku 180 za mwaka, na vikombe havikubadilisha hilo. Katika wilaya ya Kamuli, Uganda, utafiti wa 2016 ulikuta kitu kingine: mahudhurio katika shule zilizopewa taulo za kufua, au elimu ya balehe, au vyote viwili, yalikuwa bora kuliko ya shule ambazo hazikupewa chochote. Lakini waliopewa elimu peke yake hawakuachwa nyuma na waliopewa taulo. Siaya, magharibi mwa Kenya, jaribio kubwa la wasichana zaidi ya 4,000 lililochapishwa 2023 halikuonyesha kwamba vikombe vya hedhi vinapunguza kuacha shule. Liligundua jambo ambalo hoja ya utoro isingeligusa: waliopewa vikombe walipata maambukizi machache zaidi ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri.

Kwa nini? Jibu linalowezekana lilikwisha kuonekana eneo hilohilo. Utafiti uliochapishwa 2015 uliwahoji wasichana na wanawake wa magharibi mwa Kenya, na kati ya wale wa miaka 15, mmoja kati ya kumi alisema amewahi kufanya ngono ili apate fedha za taulo. Tuliosoma shule za kutwa tunamjua yule kijana wa bodaboda anayempa binti elfu mbili “ya matumizi”. Msichana anayemtegemea huyo anaweza asikose shule hata siku moja. Daftari la mahudhurio litaonyesha yupo.

Ndiyo maana naona hoja ya utoro imetupotezea muda. Ukiipa serikali sababu moja tu ya kujali, na sababu hiyo ikadhoofika kwenye utafiti, fungu linakatwa. Mtu hahitaji kuthibitisha kwamba sabuni inapandisha ufaulu ili shule iwe na sabuni.

Choo, maji na shimo la kutupia

Miongozo ya Tanzania inataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mwalimu yeyote wa shule ya kata au ya msingi yenye wanafunzi elfu moja na kitu atakuambia uwiano wa kwake, na hautakuwa huo. Mlango hauna kitasa. Maji yako bombani siku mbili kwa wiki, au yanachotwa na wanafunzi wenyewe asubuhi, na bomba liko uwanjani, hatua hamsini kutoka chooni. Binti mwenye pakiti nzima ya taulo kwenye begi bado hana pa kubadilishia, hana pa kunawia, na hana pa kulitupa lililotumika.

Hilo la kutupa ndilo ambalo wanasiasa hawaligusi kabisa. Taulo la kawaida lina plastiki na lina ute wa kemikali unaovimba ukinyonya maji. Likitumbukizwa kwenye choo cha shimo halioi. Shimo linajaa miaka kadhaa kabla ya wakati wake, na gari la maji taka likija bomba linaziba. Kwa hiyo programu ya kugawa taulo bure katika shule isiyo na kichomea taka, miaka michache baadaye inakuwa programu ya kuchimba vyoo vipya. Gharama hiyo haimo kwenye fungu la jinsia wala la elimu. Inamwangukia mwalimu mkuu na kamati ya shule.

Taulo za kufua hupunguza taka, ni nafuu kwa mwaka mzima, na mafundi cherehani wetu wanaziweza. Vikundi vya wanawake vinavyokopeshwa na halmashauri kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani vingeweza kuzishona, vikisaidiwa kupata alama ya ubora ya TBS. Lakini taulo la kufua linadai maji mengi zaidi, sabuni, na jua. Lisipokauka vizuri ni hatari. Msichana wa bweni anayelificha chini ya godoro likiwa bichi, kwa aibu ya kulianika kwenye kamba inayoonekana na wavulana, amepewa suluhisho ambalo jengo lake halilikubali.

Rwanda ina jambo moja la kuiga hapa: chumba cha msichana, mahali maalumu ndani ya shule penye maji, taulo za dharura, kitanda cha kupumzikia na dawa ya maumivu. Si kila shule inacho, na si kila kilichopo kinafanya kazi. Ila kimeandikwa kwenye matarajio ya shule, na mkaguzi anaweza kukiulizia.

Maumivu yenyewe tumeyaacha mbali. Sera zetu zinamwona msichana anayevuja damu, hazimwoni anayeumwa. Mwenye chango linalomlaza siku mbili kila mwezi anaambiwa ni kawaida, akizaa litaisha. Wengine wana ugonjwa wa tishu za kizazi kuota nje ya mfuko wa uzazi, wengine wanapungukiwa damu kwa sababu hedhi ni nzito mno, na taulo halitibu lolote kati ya hayo. Kwa wafanyakazi, Zambia inatoa siku moja kila mwezi kwa mwanamke yeyote, inaitwa Siku ya Mama, wala haombwi cheti cha daktari. Hispania iliweka likizo ya hedhi mwaka 2023, lakini kwa cheti. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana: mwenye kutakiwa cheti lazima kwanza amweleze mtu.

Uskochi, ambayo hutajwa kila mahali kwa sheria yake ya bidhaa za hedhi bure iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 15 Agosti 2022, ilifanya jambo moja la kiutawala ambalo ni muhimu kuliko fedha zake. Sheria ilitaja nani mwenye wajibu: halmashauri kwa wakazi wake, na shule na vyuo kwa wanafunzi wao. Tanzania tuna Wizara ya Elimu inayosimamia mtaala, TAMISEMI yenye shule, Wizara ya Maji yenye bomba, Afya yenye miongozo ya vyoo, Maendeleo ya Jamii yenye jinsia, na Fedha yenye kodi. Mbunge akiuliza swali la taulo, linaweza kujibiwa na yeyote kati ya hao sita, na kila mmoja atajibu ukweli wa kipande chake.

Huku chini, tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016, shule hupangiwa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Humo ndani mnatakiwa kutoka chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, dawa za huduma ya kwanza. Pakiti ya shilingi 2,000 kila mwezi ni 24,000 kwa mwaka. Mkuu wa shule anayeambiwa “tumieni ruzuku” kununua taulo za wasichana anabaki na shilingi elfu moja kwa kila msichana wa sekondari. Wa shule ya msingi anadaiwa 14,000.